Karai la mjomba chini ya Kibo: siku saba za kufuata barafu na dhahabu

Nimerudi nyumbani Sakina, Arusha, magoti yamepoa na nguo zimekauka. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari lililoloa ukungu wa Machame na picha mia tatu na ushee zilizomo kwenye simu. Kwa hiyo saa ni za kukadiria, ila bei ni zile nilizoandika papo hapo.

Chanzo cha safari ni mdogo wangu anayefanya kazi Moshi. Mwezi uliopita alinipigia akitaka nimwongezee hela. Kuna bwana mmoja anauza vipande vya ardhi kando ya kijito kinachoingia Mto Kikafu, milioni moja na nusu kwa kipande. Anaeleza kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilipokuwa kubwa ilisaga mlima, ikashusha dhahabu na kuizika kwenye mchanga wa mto. Mdogo wangu akanitumia na video ya mchanga unaometameta.

Mimi nafundisha jiografia sekondari. Nilijua sehemu ya maneno yale ni kweli kabisa: ziko nchi ambako barafu na dhahabu vilikutana mabondeni na watu wakatajirika. Nilijua pia kwamba kwa Kibo kuna jambo halikai sawa. Lakini kwa simu nilishindwa kumweleza akanielewa, na hela ya mtu ikishatoka mfukoni hairudishwi na maelezo. Nikampigia mjomba.

Mjomba ameosha dhahabu Chunya tangu ujana wake, na hela ya karai lake ndiyo iliyonilipia ada. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mpwa wangu, mambo ya barafu siyajui. Ila mchanga nikiushika mkononi nitakwambia." Mimi nilikuwa na akiba ya miaka mitatu ya kupanda mlima, dada zangu wakachanga ya mjomba. Akapanda basi kutoka Makongolosi, karai lake likiwa ndani ya kiroba.

Siku ya kwanza, Jumanne: Arusha hadi Machame

Tuliondoka stendi ya Arusha saa mbili na nusu asubuhi kwa Coaster, 4,000 kila mtu. Usa River, Maji ya Chai, halafu mbele kidogo ya Kikatiti tairi la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Tukakaa pale saa moja na nusu. Kijana aliyekuwa anachoma mahindi pembeni mwa barabara akamwona mjomba amesimama juani, akaleta benchi lake mwenyewe. "Mzee akae." Nilipotaka kumlipa alikataa, akakubali tu tununue mahindi mawili ya 500.

Pale kwenye benchi ndipo mjomba alipoanza kuuliza. Barafu inabebaje jiwe?

Nikamwambia kwamba huko juu theluji ikianguka mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka yote, inajishindilia kwa uzito wake hadi inakuwa barafu ngumu. Ikifikia unene wa kutosha inaanza kutambaa kushuka, taratibu, kama ugali mlaini ulioachwa kwenye sinia lililoinama. Huo ndio mto wa barafu. Ukipita bondeni unang'oa mwamba, unaburuza mawe chini ya tumbo lake, na mawe hayo yanakwangua sakafu kama msasa. Bonde lililokuwa jembamba chini linabaki pana, kuta zake zimesimama wima.

Mjomba akatafuna mahindi kidogo. "Basi hiyo ni greda."

Sikuwahi kupata neno zuri kuliko hilo darasani. Greda haichagui. Inasukuma udongo, kokoto, gogo na kisiki kwa pamoja, na inapozima injini vyote vinabaki tuta moja. Tuta la namna hiyo linaitwa moraini. Jiwe kubwa kama hii Coaster linalala ubavuni mwa udongo laini kama unga wa sembe. Kama kulikuwa na dhahabu, punje moja iko huku, nyingine iko mita mia tano kule.

"Hapo huoshi," akasema mjomba. "Hapo utakufa na njaa."

Tulishuka njia panda ya Machame saa saba, tukapanda daladala ya kwenda juu kwa 1,500. Chumba tulichopata ni cha 25,000, maji ya moto kwenye ndoo. Jioni tukitembea migombani tulipita kwa bibi mmoja aliyekuwa barazani anapepeta maharage. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza tumetoka wapi. Kusikia mjomba ametoka Chunya, siku mbili za basi, akaingia ndani akatoka na bakuli mbili za mtori. Hatukuwa tumeomba. Alisema mgeni aliyetoka mbali hivyo hapiti mlangoni pake akiwa na njaa.

Nyuma ya nyumba yake unapita mfongo, mfereji wa asili ambao Wachaga wameuchimba kutoka mitoni huko juu na kuuongoza hadi mashambani. Mjomba akaomba ruhusa auangalie. Akachuchumaa pale mfongo unapopinda, ndani ya pindo, akachota kidole kimoja cha mchanga kutoka chini kabisa. Ulikuwa mweusi, mzito, wa mstari mwembamba. Katikati ya mkondo mchanga ulikuwa wa kijivu.

"Ona maji yalivyo na adabu," alisema. "Kizito yanakiacha hapa, chepesi yanaondoka nacho." Kisha akaelekeza kidevu barazani, kwenye ungo wa bibi, maharage yakirudi katikati na maganda yakipeperuka. "Kazi ni ile ile."

Niliandika hilo kwenye daftari usiku ule. Barafu inabeba, maji yanapepeta. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, wakati mchanga wa kawaida wa kwatsi (quartz) hauzidi mara tatu. Bila kupepetwa, uzito huo haumsaidii mchimbaji.

Siku ya pili, Jumatano: getini na msituni

Geti la Machame liko karibu mita 1,800. Tulifika saa tatu, tukaanza kupanda saa saba. Kampuni tuliyoilipa iliandika jina la mjomba tofauti na lililo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, ikabidi karatasi zirudi Moshi zikaandikwe upya. Kiongozi wetu, kijana mtaratibu wa Marangu, alipiga simu zisizo na idadi bila kupandisha sauti hata mara moja.

Kwa watakaokuja: raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, lakini lazima kitambulisho kiwepo na jina lifanane herufi kwa herufi. Sisi tulilipa 1,100,000 kila mmoja kwa siku tano mlimani, pamoja na chakula, kiongozi na wagumu, yaani wapagazi. Makoti na magunia ya kulalia tulikodi Moshi kupitia kampuni hiyo hiyo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, kwa hiyo vitu pakia kwenye mifuko ya kitambaa. Mizigo ya wagumu inapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20, na usimwombe mtu akubebee zaidi ya hapo.

Msitu ulikuwa wa mvua na matope. Kambi ya Machame, mita 2,835, tulifika giza limeingia. Supu ya maboga, wali, tukalala.

Siku ya tatu, Alhamisi: Shira

Kipande kifupi lakini cha kupanda mfululizo, miti ikibaki nyuma na vichaka vikianza. Njiani mjomba aliokota jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Ni kioo kweli, lava iliyopoa haraka. Kiongozi akamwambia hakuna kutoa hata kokoto ndani ya hifadhi. Mjomba akalirudisha pale pale alipolitoa, akaligeuza hata likae kama lilivyokuwa.

Kambi ya Shira iko kama mita 3,800. Usiku ulikuwa wa baridi kali na nyota nyingi, na wagumu wawili walikuja kukaa nasi kwenye hema la chakula waliposikia habari za dhahabu. Mmoja aliuliza swali ambalo nami niliwahi kuuliza chuoni: kama barafu inatawanya, kwa nini nchi za baridi zimesifika kwa dhahabu ya mitoni?

Nikawapa mifano miwili ya Kanada, maana inajibu kwa pande mbili.

Wa kwanza ni Klondike. Mwaka 1896 watu walikuta dhahabu kwenye kijito kilichokuja kuitwa Bonanza, na dunia nzima ikakimbilia kule. Kule ni baridi ya kugandisha ardhi, lakini mabamba makubwa ya barafu yaliyofunika sehemu kubwa ya Kanada hayakufika pale. Greda haikupita. Mito ikapata muda mrefu usio na kifani wa kupepeta, na kokoto za kale zikabaki mahali pake na dhahabu yake chini.

Wa pili ni Cariboo, kusini zaidi, kwenye milima ya British Columbia. Huko barafu ilipita. Lakini mabonde mengine yalikuwa membamba na yamekaa kukingama na mwendo wa barafu, hivyo badala ya kuyakwangua ikayafukia. Chini kabisa kuna mto wa zamani na dhahabu yake, juu yake udongo na mawe ya barafu, na juu yake tena kijito cha leo kinachopita kana kwamba hakuna kitu. Mwaka 1862 Billy Barker alichimba shimo kando ya Williams Creek. Wengine walishajaribu juu juu. Yeye alishuka hadi kama mita 16 ndipo akafika kwenye kokoto zenye dhahabu, na mji wa Barkerville ukazaliwa pale.

"Mita 16 kwa sururu," mmoja wa wagumu akasema, akatikisa kichwa.

Mjomba alikuwa kimya. Halafu akasema Chunya nao walishika dhahabu ya mtoni kwanza. Ni kweli. Lupa, eneo la dhahabu la huko Chunya, ilianza kuoshwa 1922, na miaka ya 1930 ilijaa watu. Hakukuwa na barafu hata chembe. Mishipa ya kwatsi ilioza juani, mvua ikaiosha, vijito vikapepeta. Dhahabu haikusafiri mbali na mama yake.

Siku ya nne, Ijumaa: Lava Tower hadi Barranco

Hii ndiyo siku niliyoisubiri, na ndiyo iliyotutesa. Lava Tower ni mita 4,600. Mjomba alianza kuumwa kichwa saa tano, akawa anahesabu hatua kumi kisha anasimama. Kiongozi alimpima kwa maswali, akamchukulia begi, akatembea nyuma yake. Mgumu mmoja ambaye hakuwa hata wa kundi letu alisimama akampa mjomba chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akaendelea na safari bila kutaja jina.

Ushauri: siku hii usiipande kwa sifa. Utapanda hadi 4,600 na kushuka kulala chini ya 4,000, na huko kushuka ndiko kunakoponya. Kichwa kisipopungua ukishuka, mwambie kiongozi usiku ule ule.

Tukiwa tumepumzika, nilimwonyesha mjomba tuta lililokuwa ng'ambo ya bonde dogo. Kwa mbali linaonekana kama tuta la barabara inayojengwa. Tulisogea hadi pembeni mwa njia palipokatwa na maji, ubavu wake uko wazi. Jiwe kubwa kuliko jiko la mkaa limeng'ang'ania katikati ya udongo wa kijivu. Chini yake kokoto zenye kona kali. Ubavuni udongo laini ambao ukiusugua kati ya vidole unateleza kama poda. Hakuna tabaka wala mpangilio. Jiwe moja lilikuwa na mikwaruzo sambamba, kama sahani iliyosuguliwa kwa steelwire. Leo barafu iko juu sana kutoka pale. Kama miaka 20,000 iliyopita ilishuka chini zaidi kuliko tulipokuwa tumesimama.

Mjomba aliweka kiganja kwenye ule udongo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hapa hakujaoshwa," akasema.

Nikamweleza habari za Ananea, nchini Peru, kwenye Andes. Kule moraini za namna hii zina dhahabu kweli, na watu wanazichimba. Jirani yake uko mji wa La Rinconada, kama mita 5,100, watu wanaishi pale na watoto wao, juu kuliko pale kichwa chake kilipokuwa kinapasuka. Tofauti ni kwamba mlima ulio juu ya moraini zile una mishipa ya kwatsi yenye dhahabu ndani ya miamba ya zamani sana. Barafu iliung'ata mlima wenye dhahabu, ikatapika vifusi vyenye dhahabu. Hata hivyo palipo bora ni pale maji ya barafu iliyokuwa inayeyuka yalipotoboa tuta na kutoka kwa nguvu upande wa mbele, yakachukua udongo, yakaacha mawe na vizito. Kasi ikipungua kidogo tu, pale mteremko unapolegea, dhahabu inakaa.

"Kwa hiyo mwosha dhahabu akikuta tuta kama hili..."

"Anatafuta mlango ambao maji yalitokea."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hilo nalifahamu. Hata marudio ya mtu mwingine, yale mabaki ya mchanga aliokwisha kuuosha, ukiyapitishia maji vizuri, utapata alichoacha."

Kushuka Barranco kulikuwa kama kuingia bustani. Miti ile minene yenye vichwa kama kabichi imesimama pande zote za kijito, lobelia katikati yake. Bonde lenyewe ni kubwa mno. Poromoko la kale ndilo lililolifungua ubavuni mwa mlima, barafu ikaja kulichonga baadaye, na kuta zake zimesimama hivyo hadi leo. Mjomba alipona kichwa akiwa anakula. Alikula sahani mbili.

Siku ya tano, Jumamosi: ukuta na Karanga

Ukuta wa Barranco unatisha ukiutazama kutoka kambini, ila ni mikono na miguu tu, pole pole, saa moja na nusu. Foleni ilikuwa ndefu. Wagumu wanapita na ndoo kichwani, wapishe.

Kutoka juu ya ukuta hadi Karanga unaiona barafu ya kusini ikining'inia: Heim, Kersten, Decken. Mjomba aliuliza kama hiyo ndiyo yote. Ndiyo, karibu yote kwa upande huu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikawa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Kiongozi alisema babu yake alikuwa mpagazi, na kuna mahali babu alipakanyaga barafu ambapo yeye hukanyaga vumbi. Hakuna aliyeongeza neno. Tulitembea muda mrefu hivyo.

Karanga ni mahali pa mwisho pa maji kwa anayeelekea kileleni. Wagumu wanashuka hadi kijitoni na kupanda na ndoo, na kila kikombe cha chai unachokunywa kambini kimepanda mgongoni mwa mtu. Maji mengi yanayoteremka hadi Moshi hayatoki kwenye barafu, yanatoka kwenye mvua ya msituni. Hilo lenyewe linapunguza nguvu ya hadithi ya yule bwana.

Lakini swali la kwanza halikuwa maji wala barafu. Tulikaa nje ya hema, jua likizama, na nikalisema kama nilivyopaswa kumwambia mdogo wangu tangu mwanzo: greda haiwezi kusukuma kisichokuwepo. Miamba ya dhahabu ya Geita na Mara ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Ilipasuka, maji ya moto yakapenya na kuacha dhahabu kwenye nyufa. Kilimanjaro ulianza kumwagika kama miaka milioni mbili na nusu tu iliyopita, na lava yake ni ya aina isiyo na dhahabu ya kuchimba. Volkano zenye dhahabu zipo duniani. Huu si mmoja wao. Barafu ya Kibo ilifanya kazi yake yote, ikachonga na kusaga na kujenga matuta, juu ya mlima ambao haukuwa na cha kutoa.

"Mdogo wako hataki maneno," mjomba akasema. "Anataka aone." Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha dawa ya macho. Ndani yake kulikuwa na punje tano za dhahabu ya Chunya, pointi tatu kwa jumla, na pointi kumi ndiyo gramu. Kumbe alitembea nazo siku zote.

Siku ya sita, Jumapili

Kileleni hatukwenda. Kushuka kwa njia ya Mweka hadi getini, siku nzima, magoti yakilia. Bahashishi kwa wagumu (tulichanga mapema na kumpa kila mtu mkononi mwake), gari hadi Moshi, chumba cha 30,000 karibu na stendi, kuku na ndizi za kukaanga 9,000.

Siku ya saba, Jumatatu: kijitoni

Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini akaja na bodaboda. Alimwamkia mjomba kwa heshima, ila usoni alikuwa amejiandaa kubishana. Alitupeleka hadi kwenye kipande chenyewe. Ni mahali pazuri, migomba, kijito cha maji safi, mawe ya duara. Mwenye shamba jirani alituazima ndoo na beleshi bila kuuliza sana.

Mjomba hakuanza kuosha. Kwanza alimwambia mdogo wangu achanganye kwenye ndoo udongo, kokoto na mchanga, atie na zile punje tano, akoroge kwa beleshi, amwage chini rundo moja. "Zitafute."

Mdogo wangu alichambua kwa vidole karibu nusu saa. Alipata moja.

"Hiyo ndiyo barafu," mjomba akasema. "Sasa lete maji."

Akachimba kijifereji chembamba kutoka kijitoni, akaweka mawe matatu ya kukinga chini yake, akalipitisha lile rundo kidogo kidogo. Udongo ukaondoka kwanza, maji yakawa kama chai ya maziwa. Kokoto akazitupa kwa mkono. Kilichobaki nyuma ya mawe akakichota kwenye karai, akaanza: tikisa kulia kushoto ili vizito vizame, inamisha, acha maji yarambe ukingo, rudisha. Sijawahi kumwona mtu anayefanya kitu kwa utulivu namna ile. Mwishoni ukabaki mkia mweusi kama wanja, na kwenye ncha ya mkia punje nne za manjano, zimekaa pamoja kana kwamba zimeitana.

Mdogo wangu hakusema kitu. Mjomba akazirudisha kichupani moja moja, akaosha karai, akampa. "Sasa osha mchanga wako."

Alimwelekeza mahali pa kuchota: ndani ya pindo, nyuma ya jiwe kubwa, chini kabisa kwenye nyufa za mwamba. Karai la kwanza likatoa mkia mweusi, mnene kuliko wa Chunya. Macho yalimng'aa. Kwenye jua ulikuwa unametameta kama ile video. Mjomba akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaifunga kwa karatasi, akaipitisha juu ya karai. Mkia ukaruka, ukaganda kwenye karatasi kama manyoya. Ni chuma cha mlimani, lava iliyosagwa. Chini yake palibaki chembe chache nyeupe za fuwele na bati tupu la karai.

Mjomba hakutia neno. Mdogo wangu akachota mahali pengine, kisha pengine, akipanda na kijito. Alikuwa anajifunza haraka. Karai la nne alilizungusha vizuri, hakumwaga hovyo. Jua likapita utosini. Mwenye shamba akatuletea ndizi mbivu na kisu. Karai la saba lilipotoka na chuma kitupu, alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaweka miguu majini. Mjomba naye akavua vyake, akakaa kando yake, na nikawasikia wakizungumza habari za Chunya, bei ya chakula kule, na kama bado kuna kazi kwa mtu mwenye leseni yake ndogo ya uchimbaji.

Jioni yule bwana alipiga simu mara mbili. Mdogo wangu aliiangalia ikiita, akaiacha. Tulipanda Coaster ya mwisho ya Arusha watatu, 5,000 kila mtu kwa kuwa giza lilikuwa limeingia, karai likiwa mapajani mwa mdogo wangu.